Tupeane uzoefu: kipindi cha asubuhi cha redio ya kwenu kimewahi kukufanyia nini?

Msikilizaji wa Alfajiri:

Habari za asubuhi wakuu.

Leo nimeamka saa kumi na moja, mvua imeshika, nikapapasa dirishani nikawasha redio kabla hata sijavaa kandambili. Mtangazaji alikuwa anasoma tangazo la mbuzi. Mbuzi jike, mweusi, kipaji cheupe, sikio la kushoto limekatwa alama, ana mimba kubwa, ametoweka juzi jioni maeneo ya mashine ya kukoboa mpunga. Alisoma mara mbili, pole pole, kama anamsomea mtu anayeandika. Halafu akaweka karatasi chini, unaisikia kabisa inavyochakarika, akasema: "Mama mwenye mbuzi, usiwe na wasiwasi, tuko wengi tunaoamka mapema." Kisha muziki.

Nikasema hapana, huu uzi leo lazima niuanzishe.

Nazungumzia redio zetu za wilayani, zile ambazo ukivuka mlima wa pili zinaanza kukwaruza na ukivuka wa tatu zimekata. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na sauti moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na tuliipenda. Ikaja sheria ya utangazaji ya 1993, mlango ukafunguka. Zikatangulia redio za mijini, baadaye zikafika za kwetu kwetu: Orkonerei kule Terrat, Simanjiro, mwaka 2002, kisha Sengerema, Pangani na nyingine nyingi, na visiwani nako Micheweni kule Pemba. Kipindi chao cha asubuhi ukikijua kimoja umevijua vyote: dua au neno la asubuhi, magazeti, vifo, vilivyopotea, bei za sokoni, afya, mapishi, salamu, na humo humo utani wa watangazaji wawili ambao unajua kabisa wamekunywa chai pamoja.

Nianze na langu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaishi Mahenge. Kuna mwaka, daraja la Kilombero bado halijaisha na watu wanavuka kwa kivuko, alifunga safari kuja kwetu Ifakara bila kumwambia mtu, alitaka kutushtukiza. Basi likachelewa, akashuka stendi usiku, mama ntilie mmoja akamlaza kwake. Mungu amzidishie yule mama. Asubuhi bibi akatoka mwenyewe kututafuta, akiwa ameshika jina la mtaa la zamani ambalo vijana wa siku hizi hawalijui. Sisi tukapigiwa simu na mjomba kutoka Mahenge: mama yupo huko? Hayupo. Mama yangu akaanguka kwenye kiti, mimi nikapanda baiskeli mpaka redioni.

Tangazo likaenda palepale, katikati ya kipindi. Bibi wa miaka sabini na kitu, kitenge cha njano, miguu peku maana viatu huwa anavibeba mkononi, ana kikapu chenye jogoo mweupe. Hazikupita dakika ishirini ikaja bodaboda mpaka mlangoni pa studio, bibi nyuma, jogoo katikati. Kijana alikuwa anasikiliza kwenye simu yake kijiweni, akamwona anapita. Alimleta pale kwa sababu ndiyo sehemu pekee aliyojua kuna watu wanamtafuta.

Mtangazaji akampa kiti na chai, akamwambia, "Bibi, waambie watu umefika salama." Bibi akasogea kwenye kipaza sauti akasema kwanza anasalimia. Akaanza na wajukuu, kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina lake la nyumbani. Akahamia kwa kijana aliyemshika mkono kivukoni, mama ntilie, dereva wa basi, mpaka kondakta. Yule mtangazaji hakumkatiza hata mara moja. Wimbo ulisubiri. Siku hiyo sokoni kila tulipopita naye watu wanaita, "Bibi wa jogoo, karibu Ifakara!" Alisimulia safari hiyo mpaka anafariki.

Redio inayofika nchi nzima isingeweza kumtafuta bibi yangu. Ndiyo maana nazipenda hizi ndogo.

Haya, tiririkeni. Uzi tayari.

Betri Tatu:

Mkuu umenikumbusha mbali sana. Mimi nianze na kadi za salamu, maana bila hizo wengine tusingekuwa na marafiki nje ya kata.

Wadogo zetu hamkuziona. Ilikuwa kadi ngumu kidogo, inauzwa dukani, ina mistari: jina la mtumaji, anwani, nawasalimia wafuatao, ujumbe. Baba yangu alikuwa nazo kwenye bati la biskuti juu ya kabati, na peni imefungwa uzi ili tusiichukue kwenda nayo shule. Jumapili jioni anakaa barazani, anavaa miwani, anaandika majina kwa herufi kubwa moja moja. Hakuna mtu kumsemesha. Kadi inapanda basi au inaingia posta, na ikisomwa baada ya wiki tatu, sisi wote tumezunguka redio, mama kasimama na mwiko. Jina la baba likitajwa anatikisa kichwa kidogo tu, kama hakuisikia. Lakini siku hiyo nyama inanunuliwa.

Katika kusalimiana huko akapata rafiki wa Kigoma. Hawajawahi kuonana. Miaka sita wanasalimiana hewani, wanajua majina ya watoto, nani kafaulu, nani kajifungua. Mwaka 2003 siku moja jioni kagonga mzee hodi, begani ana dumu la mawese na mfuko wa dagaa wa ziwani, akasema, "Mimi ndiye yule wa redioni." Baba alisimama akamkumbatia kabla hajauliza jina. Alikaa siku nne. Nilikuwa nawahudumia chai usiku, wanaongea kama watu waliolelewa nyumba moja.

Siku hizi salamu ni meseji, inasomwa dakika ileile. Nzuri pia, sikatai. Ila ile ya kusubiri wiki tatu ilikuwa na uzito wake.

Nyasi za Simanjiro:

Hapo kwa mama kasimama na mwiko nimeona nyumbani kwetu kabisa.

Mwalimu Mstaafu:

Wanangu, nimesoma nikafurahi. Naomba mnivumilie, niwapeleke nyuma kidogo.

Mnasema redio ya asubuhi inaleta afya na mapishi. Mwaka 1973 nilikuwa kijana, nikachaguliwa kuongoza kikundi cha kusikiliza redio kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Ilikuwa ya nchi nzima, walishiriki watu wapatao milioni 2. Tulipewa kitabu cha mafunzo, tukaambiwa saa ya kipindi. Tunakutana chini ya mwembe, redio juu ya kigoda, tunasikiliza kimya. Kikiisha, kazi ndipo inaanza: tumesikia kuhusu kuhara, kuhusu malaria, kuhusu kichocho, je, hapa kwetu tunafanya nini? Kila mtu aseme. Kisha tunakubaliana kazi ya wiki. Kufyeka majani karibu na nyumba. Kufukia madimbwi. Kuchimba choo.

Kijiji chetu kilikuwa na vyoo unaweza kuvihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi na wenzangu tulichimba cha mzee mmoja aliyekuwa hana watoto, tukaenda futi kumi chini, udongo mwekundu unatudondokea shingoni, na yeye juu anatupigia hadithi. Tulipomaliza alitupa kuku. Tukamkatalia, akakasirika, tukala.

Nasema haya kwa sababu redio peke yake ni maneno yanayopita. Iliyochimba vyoo ni ile nusu saa ya kukaa pamoja baada ya kipindi. Vijana mnaotangaza leo, kama mpo humu, rudisheni kale kadesturi. Mkishamaliza kipande cha afya waulizeni wasikilizaji: leo nani atafanya nini? Na kesho waulizeni tena.

Msikilizaji wa Alfajiri:

Shikamoo mwalimu. Hiki ulichoandika nitakichapa nikabandike kwenye ukuta wa redio yetu, kwa ruhusa yako.

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba. Ruhusa unayo.

Binti Micheweni:

Assalaam alaykum wanauzi. Mimi wa Pemba, kazi yangu mwani.

Watu wa bara hutuambia "redio inawasaidia kujua maji". Maji tunayajua wenyewe kwa mwezi. Bamvua, yale maji makubwa, ikija twajua, maji mafu, yale madogo, twajua, bibi zetu hawakuwa na redio. Cha redio ni kingine: ni kutupa habari za upepo na mawimbi kutoka mamlaka ya hali ya hewa kabla hatujaingia na waume zetu hawajashusha vyombo. Na ni kutufanya tusikilizane sisi kwa sisi.

Nieleze. Mwani ukivuna unaubeba majini umelowa, mzito, mpaka pwani, unauanika juu ya chanja au majani ya mnazi, mvua ikija usiku unaamka kuuingiza ndani. Ukishakauka umepungua mpaka wataka kulia. Ndipo mnunuzi anakuja na mizani yake. Kila kijiji na bei yake, na kila mmoja anaambiwa ndiyo hiyo hiyo kote.

Asubuhi moja mtangazaji wetu, mwanamke mwenzetu aliyekulia papa hapa, akauliza hewani swali jepesi tu: dada zangu, jana mwani mkavu mliuza kilo kwa kiasi gani? Simu zikaanza kuingia. Huyu kasema hivi, wa shehia ya pili (shehia kwetu ni kama kijiji huko bara) kasema zaidi, wa tatu kasema pungufu kabisa. Mtangazaji hakuongeza neno, alikuwa anarudia tu kila bei na jina la shehia. Nilikuwa nasonga uji, nikauacha mpaka ukaungua. Jioni ileile tulikutana akina mama wa shehia tatu, tukapanga tuseme bei moja. Haikuwa rahisi na mnunuzi mmoja aliacha kuja msimu mzima. Lakini tangu siku hiyo hatuulizi tena bei kwa mwenye mizani peke yake.

Kipindi chenyewe kile kilikuwa cha kuchekesha, wakati mwingine wanaigiza mke na mume wanaogombana kwa ajili ya samaki aliyeungua. Na humo humo ndimo lilimotoka jambo hili.

Mkulima wa Newala:

Dada Binti Micheweni, mwani na korosho ni ndugu. Sisi huku msimu wa mnada hakuna anayekwenda shambani kabla ya kusikia redio. Mtangazaji anasoma: mnada wa jana umefanyika sehemu fulani, tani kadhaa, bei ya juu hii, bei ya chini hii. Kijiwe cha kahawa kinanyamaza, hata mwenye kahawa anaacha kugonganisha vikombe.

Mwaka 2018 ndio nitakumbuka mpaka naingia kaburini. Minada ya mwanzo wakulima tuligomea bei. Wiki zinapita, korosho ghalani, watoto wanadai ada. Mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Asubuhi yake kwenye redio ya kwetu watangazaji walitupa ratiba pembeni, wakafungua simu, watu wakaongea mpaka saa nne. Mzee mmoja alipiga akasema neno moja tu, "Nimesikia," akakata. Mpaka leo tukikutana tunaambiana: Nimesikia.

Habari za malipo zina uzi wake mwingine.

Damu ya Kibwezi:

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya, nyumbani ni Kibwezi, Makueni. Huku tuna Mang'elete FM, iliyoanza 2004, na iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama. Nawaambia hivi kwa fahari kwa sababu shosho wangu, yaani bibi yangu, alikuwa kwenye moja ya vikundi.

Asubuhi yetu ina kitu hamna nyinyi: habari za ndovu. Tuko karibu na Tsavo, na wakati wa kiangazi ndovu wanatoka usiku wanakuja mashambani, saa nyingine bado wako njiani kukicha. Basi mtu anapiga simu redioni, "Wako watano hapa karibu na mto, wana mtoto," na mtangazaji anasema wazazi wasiwaachilie watoto kwenda shule kwa njia ile hadi watu wa wanyama wafike. Nilikuwa darasa la sita siku walipolala njia yetu. Tulikaa nyumbani hadi saa nne, redio ikituambia ndovu wako wapi: wamevuka, wamesimama, wamekula mapapai ya fulani. Mwenye mapapai naye akapiga simu kulia hewani. Watu wakamchangia miche.

Shosho alisema redio ni kama mtu aliyepanda juu ya mti kwa niaba ya kijiji chote.

Betri Tatu:

Aisee hiyo ya shosho nimeiandika.

Mjini Damu:

Wakuu samahani, nami niseme langu. Mnasifia sana ila hali ya sasa si hiyo. Redio nyingi asubuhi ni kubashiri mechi, umbea wa wasanii, na matangazo ya dawa za nguvu za kiume mfululizo. Nilikuwa kwa wazazi mwezi uliopita, saa nzima sijasikia bei ya kitu wala jina la kijiji chochote cha pale. Zimekuwa nakala za redio za Dar.

Msikilizaji wa Alfajiri:

Mkuu hujakosea, na inaniuma. Kuendesha redio ndogo ni gharama: umeme, leseni, mnara, mafuta ya jenereta. Anayelipa ndiye anayeongea, na mwenye mbuzi aliyepotea hana bajeti ya matangazo. Ila kuna zinazojitahidi. Na sisi wasikilizaji tuna mchango wetu. Kama hatupigi simu, hatupeleki habari ya kijiji, hatuwaambii "hili la jana lilitusaidia", wao watajuaje?

Natamani aliyewahi kukaa upande wa pili wa kipaza sauti atueleze.

Studio Namba Moja:

Nipo. Nilikuwa natangaza asubuhi kwa kujitolea, miaka minne, redio ya jamii huku Kanda ya Ziwa. Niwape ya ndani.

Unaamka saa tisa na nusu usiku. Unatembea gizani na tochi, mbwa wa njiani wanakujua kwa jina. Unafika unamkuta mlinzi, unawasha mashine, unakaa na kidaftari. Watu wanadhani kipindi cha asubuhi ni kuchekacheka. Hicho kidaftari ndicho kipindi. Chetu kilikuwa na simu za watu kama arobaini: mwenyekiti wa soko, muuguzi wa zahanati, mtu wa mwaloni, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, anayejua dagaa wameingia kiasi gani, fundi wa visima, shehe, katekista, mama mmoja mwenye genge ambaye hakuwa kiongozi wa chochote ila alijua kila kitu. Kila asubuhi nawapigia watano au sita kabla hatujaingia hewani. "Habari za huko?" Basi. Humo ndimo kinamotoka kila kitu mtakachosikia.

Vifo ndivyo vigumu. Karatasi inaletwa na mtu amefunga kanga kiunoni, macho mekundu, imeandikwa kwa haraka. Unatakiwa usome majina yote ya ndugu wa kila mji, "habari ziwafikie fulani popote alipo", bila kukosea hata moja. Ukikosea jina la mtoto wa marehemu umemwondoa kwenye msiba wa mzazi wake. Nilikuwa nasoma kwanza kimyakimya mara tatu, kisha namuuliza mleta tangazo anitamkie yale nisiyoyajua. Nilifundishwa hivyo na mtangazaji mkongwe na sijawahi kupata somo kubwa kuliko hilo.

Sasa la kufurahisha. Studio yetu ilikuwa chumba cha nyumba ya kawaida, dirisha tumeziba na trei za mayai na magodoro ili sauti isirudi. Jirani akanunua jogoo. Huyo jogoo akawa anapanda kwenye ukuta saa kumi na mbili kasoro, mimi nasema tu "Habari za asubuhi wasikilizaji", naye anawika, mara tatu, na kipaza sauti kinamchukua vizuri kuliko mimi. Tulihangaika kumfukuza wiki nzima. Kisha zikaanza kuja meseji: "Msalimieni jogoo." "Leo jogoo kachelewa, anaumwa?" Kuna mama wa kisiwani aliandika kwamba mume wake mvuvi alikuwa anaamka kwa huyo jogoo. Tukaacha kumfukuza. Sikukuu ilipokaribia jirani akasema anataka kumchinja. Tulitangaza. Kabla ya saa tatu zilishafika ahadi za kuku wanne wa kubadilishana naye, na mmoja aliletwa kweli, kwa mtumbwi.

Malipo yangu yalikuwa nauli ya baiskeli na chai. Nikaoa, nikaacha, maisha yakanisukuma kwingine. Lakini nikipita kile kijiji watu wananitambua kwa sauti kabla hawajaniangalia usoni. Nikiagiza tu soda, mtu anageuka.

Mjini Damu:

Mkuu, nauondoa usemi wangu nusu. Kumbe kuna kidaftari.

Mpishi wa Vitumbua:

Mimi nilikuwa napita tu ila huyu wa jogoo kanikalisha.

Mama yangu hakumaliza shule. Kipande cha mapishi kilikuwa kinaanza saa mbili kasoro, mikono yake iko kwenye kazi, karatasi hakuna, peni sisi tumeenda nayo shule. Akawa anachukua mkaa jikoni anaandika ukutani. Ukuta wa udongo, umepakwa chokaa. Ukiingia jikoni kwetu unakuta: MCHELE LOWEKA USIKU. SAGA. TUI ZITO. HAMIRA KIDOGO. ILIKI. SUKARI ONJA. ACHA IUMUKE.

Hivyo ndivyo alivyoanza vitumbua. Mara ya kwanza vilishika kikaangio vyote. Siku iliyofuata alipiga simu redioni kwa simu ya jirani, akauliza. Mpishi wa kipindi akamjibu hewani bila haraka: kikaangio kipashe kwanza, mafuta kidogo kila shimo, usigeuze mpaka ukingo uwe umekauka wenyewe. Mama akaongeza ukutani: UKINGO UKAUKE. Kwa vitumbua hivyo nimesoma mpaka kidato cha nne, na mdogo wangu mpaka chuo.

Tulipojenga nyumba ya tofali za kuchoma, mafundi walitaka kubomoa jiko lile. Mama kakataa. Ukuta ule upo, maandishi yamefifia, ila SUKARI ONJA bado inasomeka.

Mjukuu wa Ngara:

Langu fupi. Mimi nimekulia Ngara, na Radio Kwizera ilianza kwetu mwaka 1995, enzi za wakimbizi, ikianzishwa na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi. Wakubwa walituambia kwamba wakati ule redio haikuwa burudani. Mwaka mmoja kabla, BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, maana yake mwunganishaji wa familia, kwa ajili ya watu waliopotezana. Kwa hiyo kwetu mtu akisema "ngoja nisikilize matangazo", hata leo wazee wananyamaza. Hakuna anayepiga kelele wakati majina yanasomwa. Watoto tunafundishwa hivyo kama tunavyofundishwa kutopita mbele ya wakubwa.

Karafuu Muscat:

Salaam kutoka Muscat. Mimi ni wa Wete. Huku tunaitangulia Pemba kwa saa moja, hivyo wao wakifungua kipindi mimi niko njiani kwenda kazini, nasikiliza kwa simu kupitia intaneti. Msimu wa karafuu wakisema "leo jua zuri, anikeni", nami naangalia nje, jua la huku halina kazi ya kuanika chochote, nafurahi tu.

Binti Micheweni:

Kaka wa Wete, karafuu mwaka huu zimeanikwa, usijali.

Msikilizaji wa Alfajiri:

MREJESHO.

Wakuu, sasa hivi redio imetangaza. Mbuzi kapatikana. Kijana wa mashine ya kukoboa alisikia tangazo la asubuhi, akazunguka nyuma kwenye rundo la pumba, akamkuta amejificha mvua, na amezaa. Wawili, jike na dume, weusi wote, ila dume ana kipaji cha mama yake. Mwenye mbuzi kapelekwa studio na bodaboda, tumemsikia akicheka hewani na vitoto vinalia kwenye kanga. Mtangazaji kasema wasikilizaji wapendekeze majina, simu zimeanza kuingia.

Betri Tatu:

Mkuu tupigie kwa niaba yetu. Dume aitwe Nimesikia.

Mkulima wa Newala:

Naunga mkono.